Kutembelea Ulaya kwa Mfuko wa Mwanafunzi: Mwongozo kwa Anayesoma Ujerumani

Anayesoma Ujerumani kwa akaunti ya benki iliyozuiwa (Sperrkonto), inayomwachia euro 992 kwa mwezi, hana fedha za kitalii. Akishalipa chumba, bima ya afya na chakula, kinachobaki ni kidogo mno. Lakini ana vitu viwili ambavyo mgeni aliyekuja kwa viza ya wiki mbili hana: kibali cha ukaazi na kadi ya mwanafunzi. Unafuu mwingi ulioelezwa hapa unatokana na kadi hizo mbili, na balaa nyingi zinatokana na kuziacha chumbani.

Hatua ya 1: Karatasi kabla ya tiketi

Kibali cha ukaazi cha Ujerumani, kikienda pamoja na pasipoti iliyo hai, kinakuruhusu kuingia nchi nyingine za Schengen, yaani zilizopatana kufungua mipaka baina yao, bila viza kwa siku 90 ndani ya kila siku 180. Viza yenye herufi D uliyoingia nayo inafanya kazi hiyohiyo mpaka siku yake iishe. Siku unazokaa Ujerumani hazihesabiwi. Nchi hizo sasa ni 29, baada ya Bulgaria na Romania kukamilisha kujiunga Januari 2025.

Schengen na Umoja wa Ulaya si kitu kimoja, na anayevichanganya hurudishwa mlangoni. Uswisi, Norwei na Iceland hazimo kwenye Umoja lakini zimo Schengen. Ireland na Kupro zimo kwenye Umoja lakini hazimo Schengen. Uingereza haimo popote kati ya hizo mbili. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Uingereza kabla ya kupanda treni ya London, na kibali cha Ujerumani hakimsaidii chochote pale. Angalia pia njia yenyewe: basi la kwenda Ugiriki linaweza kukatiza Serbia, na Serbia haimo Schengen.

Wengi hukwama kibali kinapokaribia kuisha. Umeomba kipya, ofisi ya wageni imekupa karatasi ya muda iitwayo Fiktionsbescheinigung. Isome vizuri kimewekwa alama kisanduku gani. Ile ya kifungu cha 81 cha sheria ya ukaazi, fasili ya 4, inaendeleza kibali chako cha zamani, na unaweza kutoka Ujerumani ukarudi. Ya fasili ya 3 haikupi ruhusa hiyo. Tatizo ni kwamba mhudumu wa mezani kwenye uwanja wa ndege wa nchi nyingine huenda hajawahi kuiona karatasi hiyo maishani mwake, na mwenye uamuzi wa kukupandisha au kukuacha ni yeye. Ukiwa na karatasi ya muda, zunguka Ujerumani mpaka kadi ije. Ujerumani peke yake haimalizwi kwa mihula miwili.

Usidanganywe na maneno kwamba ndani ya Schengen hakuna mipaka. Tangu 16 Septemba 2024 Ujerumani inakagua watu kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu. Ukirudi kutoka Salzburg kwa treni, polisi hupanda pale Freilassing. Na tuseme ukweli: abiria mweusi huulizwa karatasi mara nyingi kuliko jirani yake aliyekaa kando. Weka pasipoti na kibali mahali ambapo mkono unafika bila kufumua begi zima. Picha kwenye simu haihesabiki kuwa hati. Hiyo ni akiba tu, ya siku utakapopoteza hati zenyewe.

Kadi ya bima ya afya ya Ujerumani, kama umesajiliwa kwenye bima ya umma, ina upande wa nyuma unaotumika kwa matibabu ya lazima katika nchi nyingine za Umoja. Ila kwa sisi tusio raia wa nchi za Umoja, upande huo haufanyi kazi Denmark, Norwei, Iceland, Liechtenstein wala Uswisi. Ukienda huko nunua bima ya safari ya siku hizo, maana bili ya mguu uliovunjika Uswisi si kitu cha mzaha.

Hatua ya 2: Saa

Hili linatuhusu sisi tunaohesabu saa kuanzia mawio. Tiketi iliyoandikwa 06:15 ni saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mkiagana kwa Kiswahili mkutane kituoni "saa sita na robo", mmoja atafika alfajiri na mwenzake atafika mchana, treni ikiwa imekwisha kwenda. Mkipatana muda wa safari, tajeni tarakimu kama zilivyo kwenye tiketi.

Mtego wa pili ni 00:05. Basi la Jumamosi saa 00:05 linaondoka usiku ule mnaouita wa Ijumaa, dakika tano baada ya usiku wa manane. Kila wiki kuna mtu anayefika kituoni saa ishirini na nne baadaye akiwa na begi lake safi.

Wa tatu: Jumapili ya mwisho ya Machi saa husogezwa mbele kwa saa moja, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba hurudishwa nyuma. Simu hujirekebisha yenyewe, saa ya mkononi haijirekebishi. Ukipanga safari ya Desemba, kumbuka kuwa Berlin jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Mambo ya nje yafanye asubuhi, makumbusho yasubiri jioni.

Hatua ya 3: Nauli

Kabla hujanunua chochote, soma ada yako ya muhula imelipia nini. Vyuo vingi vimeweka ndani yake tiketi ya wanafunzi inayofanya kazi nchi nzima, kwa bei ya chini kuliko Deutschlandticket ya kawaida, ile tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma nchi nzima. Hiyo ya kawaida ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi, ikapanda hadi 58 mwaka 2025, na tangu Januari 2026 ni euro 63. Ni mkataba unaojiendeleza kila mwezi. Ukitaka kuuvunja, fanya hivyo kabla ya tarehe 10, la sivyo mwezi unaofuata unakatwa tena.

Tiketi hiyo inapanda treni zenye herufi RE, RB na S, treni za chini ya ardhi, tramu na mabasi ya mjini. Haipandi treni za masafa marefu za ICE, IC wala EC, hata kama ICE hiyo imesimama tupu mbele yako na yako imechelewa. Ukikamatwa bila tiketi halali, faini huanzia euro 60. Inafika pia Salzburg, upande wa Austria, na hiyo ndiyo safari ya nje iliyo rahisi kuliko zote kwa anayeishi München: chini ya saa mbili, bila kuongeza senti.

Udhaifu wake ni mwendo. Kutoka München hadi Berlin kwa ICE ya haraka ni kama saa nne, wakati kwa treni za mikoani ni saa tisa au zaidi, na unabadili treni mara kadhaa. Acha walau dakika 20 kila unapobadili. Mfumo wa kutafuta safari utakupa dakika sita, na kwa reli za Ujerumani za siku hizi dakika sita ni kamari.

Kwa masafa marefu nunua tiketi ya bei nafuu mapema. Sparpreis na Super Sparpreis zinakufunga kwenye treni uliyoichagua. Ukiikosa kwa uzembe wako, umepoteza. Lakini ikitabirika kwamba utafika mwisho wa safari ukiwa umechelewa dakika 20 au zaidi kwa kosa la reli, kifungo hicho hufunguka na unaweza kupanda treni nyingine. Super Sparpreis hairudishwi fedha. Kadi ya punguzo ya BahnCard 25 hupunguza robo ya nauli, hata kwenye tiketi hizo za bei nafuu, ila hujiendeleza yenyewe kila mwaka. Siku unayoinunua, andika kwenye kalenda siku ya kuivunja.

Ndege za bei chee zinahitaji hesabu nzima. Uwanja wa Hahn, ulioitwa Frankfurt, uko kama kilomita 120 kutoka Frankfurt. Beauvais, unaouzwa kwa jina la Paris, uko zaidi ya kilomita 80 kutoka jijini. Jumlisha basi la kwenda, basi la kutoka na ada ya begi, kisha linganisha na treni. Begi la bure ni lile linaloingia chini ya kiti. Lipime kwa futi kamba likiwa limejaa, maana likiwa tupu linadanganya. Na usiridhike na kujiandikisha kwenye simu: mashirika kadhaa humtaka abiria asiye raia wa Ulaya apitishe hati zake mezani kabla ya ukaguzi wa usalama. Asiyepita hapo hugundua langoni, na langoni hakuna wa kumsaidia.

Interrail, pasi ya treni ya nchi nyingi za Ulaya, inauzwa kwa wakaazi wa Ulaya, si raia peke yao, kwa hiyo mwenye kibali anaruhusiwa. Bei ya vijana inafika miaka 27. Ndani ya nchi unayoishi inakupa safari moja ya kutoka na moja ya kurudi tu. Treni za kasi za Ufaransa, Uhispania na Italia zinataka ulipie kiti juu yake, na viti vya wenye pasi hizo ni vichache. Ina faida kwa anayezunguka nchi nne au tano kwa wiki tatu. Kwa wikiendi moja ya Paris, ni hasara.

Malazi hayana mengi. Hosteli za wasafiri, tofauti na zile za chuo, huuza kitanda kwenye chumba cha watu wanne hadi kumi na wawili. Beba kufuli lako dogo na taulo, kwa sababu vyote hukodishwa kwa fedha. Kuingia huwa kuanzia kama saa tisa alasiri, kwa hiyo uliza kama wanakuwekea begi kabla ya hapo. Miji mingi hutoza kodi ya mgeni kwa kila usiku, na kodi hiyo mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona.

Hatua ya 4: Anza na Berlin

Kwa safari ya kwanza tunapendekeza Berlin, kwa sababu hakuna mpaka wa kuvuka, tiketi yako inatosha, na mji huo una mambo yetu ndani yake.

Wiki kadhaa kabla, jiandikishe kwenye tovuti ya Bunge la Ujerumani kupanda kuba la kioo la Reichstag. Ni bure. Andika jina lako hasa kama lilivyo kwenye pasipoti, maana mlangoni wanalinganisha. Nafasi zikijaa, kuna kibanda cha huduma karibu na jengo kinachogawa zilizobaki kwa anayefika mwenyewe walau saa mbili kabla.

Siku yenyewe fuata njia ya treni ya chini ya ardhi U6. Shuka kituo cha Naturkundemuseum, uingie makumbusho ya elimu ya viumbe ikifunguliwa tu. Hufungwa Jumatatu, na mwanafunzi hulipa pungufu. Katika ukumbi wa kwanza kuna mifupa ya dinosaria mwenye urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Anatoka Lindi. Alichimbwa katika kilima cha Tendaguru kati ya 1909 na 1913, na mifupa yenyewe, zaidi ya tani 200 kwa jumla ya machimbo, ilibebwa na wapagazi kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Tenga saa mbili.

Rudi U6, elekea kaskazini, shuka Afrikanische Straße. Huu ndio mtaa wa majina ya Afrika, uliojengwa kwa fahari ya kikoloni. Tafuta barabara iitwayo Maji-Maji-Allee. Hadi Agosti 2024 ilikuwa sehemu ya Petersallee, barabara iliyopewa mwaka 1939 jina la Carl Peters, yule ambaye kwetu aliitwa Mkono wa Damu. Hakuna kiingilio wala foleni, ni kibao cha mtaa tu, lakini kukisoma "Maji Maji" katikati ya Berlin si jambo dogo.

Kisha chukua U6 kuelekea kusini hadi Mehringdamm, hamia U7 upande wa Rudow, ushuke Hermannplatz. Mwendo wa dakika chache kwa miguu kuna Lucy-Lameck-Straße, iliyopewa tangu 2021 jina la mwanasiasa wa Moshi, mmoja wa wanawake wa kwanza kuingia katika serikali ya Tanganyika huru. Kabla yake ilikuwa na jina la Hermann von Wissmann, aliyeongoza vita ambavyo Abushiri bin Salim alinyongwa mwishoni mwake, Pangani, Desemba 1889. Kuzunguka Hermannplatz ndipo pa kula: maduka ya Waturuki na Waarabu, chakula halali, sahani inayoshibisha.

Kuba la Reichstag lipange jioni. Rudi kwa U7 hadi Mehringdamm, panda U6 kuelekea kaskazini, badili Unter den Linden uingie U5 hadi kituo cha Bundestag.

Hatua ya 5: Mkaazi au raia? Paris na Roma

Hapa kibali cha ukaazi kinalipa. Makumbusho ya Louvre, Paris, hayamtozi aliye chini ya miaka 26 anayeishi katika eneo la kiuchumi la Ulaya. Neno linalotumika ni kuishi, si uraia. Musée d'Orsay, makumbusho mengine ya Paris, nayo huwaachia bure wenye umri wa miaka 18 hadi 25 wanaoishi kwenye Umoja kwa muda mrefu. Fanya hivi: agiza tiketi ya bure yenye saa kwenye tovuti ya Louvre, kwa sababu ubure hauondoi foleni. Mlangoni toa kibali. Ukitoa pasipoti peke yake, mhudumu anaona nchi ya nje ya Ulaya, na unalipa bei ya mgeni, ambayo tangu Januari 2026 ni euro 32. Louvre hufungwa Jumanne, Orsay hufungwa Jumatatu, na anayekosea hilo huwa amekuja kuangalia piramidi ya kioo tu. Aliyevuka miaka 26 alenge Jumapili ya kwanza ya mwezi kwa Orsay.

Kanisa kuu la Notre-Dame lilifunguliwa tena Desemba 2024 na kuingia ni bure. Yeyote anayekuuzia tiketi ya kuingia kanisani ni tapeli. Pale ngazi za kanisa la Sacré-Cœur kuna vijana wanaokufunga uzi kwenye kidole kwa ukarimu mwingi, kisha wanadai fedha. Mikono mfukoni, usisimame, usijibu hata salamu. Inauma kwa aliyelelewa kuitikia kila salamu, lakini hiyo salamu ni ndoano. Kwenye mgahawa omba "une carafe d'eau", maji ya bomba ya bure, usije ukaletewa chupa ya kulipia.

Italia ni kinyume. Makumbusho ya serikali huwauzia vijana wa miaka 18 hadi 25 kwa euro 2, lakini walio raia wa Umoja. Kibali chako hakikuingizi kwenye kundi hilo, na kubishana na mwuza tiketi ni kupoteza asubuhi. Njia yako ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, milango ya makumbusho hayo inapokuwa bure kwa wote. Utaikuta na foleni, kwa hiyo fika kabla ya kufunguliwa. Makumbusho ya Vatikani yana siku yake: Jumapili ya mwisho ya mwezi, kuingia mwisho saa sita na nusu mchana. Tiketi ya Kolosai huandikwa jina la mtu na huwezi kumpa mwenzako aliyekuja badala yako. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoani lazima uigonge muhuri kwenye kimashine kabla ya kupanda. Isiyogongwa huhesabiwa kama hukununua. Kiu isikutie gharama: Roma ina mabomba ya barabarani yanayotiririka maji safi mchana na usiku.

Madrid inafaa kutajwa kwa sababu makumbusho ya Prado huwapokea bure wanafunzi wa miaka 18 hadi 25 wa uraia wowote. Hapo kinachofanya kazi ni kadi ya mwanafunzi. Iwe na tarehe ya muhula huu.

Amsterdam ina nyumba ya Anne Frank, msichana Myahudi aliyeandika shajara akijificha humo wakati wa vita, na tiketi zake huuzwa kwenye tovuti tu, kila Jumanne, kwa ziara za wiki sita baadaye. Anayefika bila tiketi hatazami chochote ila mlango.

Hatua ya 6: Mambo yakiharibika

Treni ikifika imechelewa dakika 60 hadi 119, unadai asilimia 25 ya nauli. Kuanzia dakika 120 ni asilimia 50. Una miezi mitatu ya kudai. Kwa Deutschlandticket unapata euro 1.50 tu kwa kila ucheleweshaji wa saa moja, na hulipwi mpaka zifike euro 4, kwa hiyo kusanya madai matatu uyatume kwa pamoja. Ndege ikifika saa tatu au zaidi baada ya muda wake kwa kosa la shirika, fidia ni euro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500 na euro 400 kwa zile za hadi 3,500. Dhoruba haihesabiwi kuwa kosa la shirika. Vocha ya chakula pokea, ila usisaini karatasi ya kufuta madai mengine.

Ukitoa fedha kwenye mashine ya Prague au Budapest, ikikuuliza kama ikukate kwa euro, kataa. Chagua fedha ya nchi hiyo, benki yako ndiyo ibadilishe.

Ukiibiwa, namba ya dharura ni 112 nchi zote za Umoja. Pasipoti ikipotea, nenda polisi wa mji huohuo kabla hujaondoka, upate ripoti yenye muhuri. Kisha wasiliana na ubalozi wako. Wa Tanzania na wa Kenya kwa Ujerumani wote wako Berlin. Kibali nacho kikipotea, iarifu ofisi ya wageni kwa barua pepe siku hiyohiyo, ukiambatanisha ripoti ya polisi na zile nakala za pande zote mbili ulizozipiga picha kabla ya safari, ukajitumia mwenyewe.